Pipa limefungwa, hema limeoza: matatizo ya vyombo na mabegi ya zana yaliyogeuzwa stoo ya vifaa vya kambi

Ndoo ya rangi ya lita 20, pipa la bluu lenye mkanda wa chuma, tranka la bati lililomaliza shule, begi la fundi umeme lililochakaa pembeni: vyote hivi vinahifadhi mahema, majiko, kamba na buti vizuri kabisa, na kwa bei ambayo duka la vifaa vya utalii haliwezi kushindana nayo. Ubaya ni kwamba matatizo yake hayaonekani siku ya kwanza. Unafunga stoo Machi, unafungua Julai, na kilichomo kimeharibika huku chombo chenyewe kikiwa kizima.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Kabla hujaenda kwenye dalili yako, shika jambo moja: chombo kisichopitisha hewa hakichagui upande. Kinazuia maji ya nje yasiingie, na kwa nguvu ileile kinazuia maji ya ndani yasitoke. Malalamiko mengi ya “pipa langu linavuja” ukiyafuatilia unakuta pipa halivuji tone. Maji yaliingia yakiwa yamekunjwa ndani ya hema.

Hema linanuka uvundo na lina madoadoa meusi, lakini pipa ni zima

Piga hesabu. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30, ikishiba mvuke hubeba karibu gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Pipa la lita 60 lililojaa hewa hiyo lina mvuke usiofika gramu 2. Hizo hazitoshi kuozesha hata soksi. Sasa chukua hema la watu wawili la kilo 3 ambalo ukilishika unaona limekauka. Kwenye mishono, kwenye mikanda, kwenye kifuko cha vigingi na kwenye tope lililoganda sakafuni linaweza kuficha gramu 150 hadi 300 za maji. Ukiliingiza kwenye pipa na kubana mkanda, umetengeneza chumba cha kuoteshea kuvu.

Mkono hauwezi kupima hili. Mizani ya kuning’iniza, ile ya kupimia mizigo ya ndege au ya muuza nyama, inaweza. Siku hema likiwa limekauka kweli, baada ya siku mbili za jua na upepo, lipime pamoja na nguzo na vigingi vyake, kisha andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mfuko wake. Tuseme kilo 3.2. Baada ya safari likisoma 3.5, bado una gramu 300 za maji au matope, na halina haki ya kuingia kwenye pipa. Likirudi 3.2, funga bila wasiwasi, ilimradi halikai humo zaidi ya mwezi mmoja.

Wengi hukimbilia pakiti za silika zilizotoka kwenye maboksi ya viatu. Pakiti iliyokaa wiki nzima juu ya kabati imeshashiba, unaweka kokoto. Hata silika mpya hunywa maji kama robo ya uzito wake tu, kwa hiyo kukausha lile hema lenye gramu 300 ungehitaji zaidi ya kilo nzima ya silika. Kazi yake ni kulinda kitu ambacho tayari ni kikavu: gramu 50 kwa ndoo ya lita 20, gramu 150 kwa pipa la lita 60. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, uimwage iwe tabaka jembamba. Mchele na vipande vya mkaa vinasifiwa sana mitaani, ila vinanyonya kidogo mno. Mchele unaongeza na kazi nyingine, ya kuwaita panya.

Hema lililokwisha kuota kuvu lioshe kwa maji, sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini, halafu lipake siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, uliache nusu saa na kulisuuza. Jiki usiiguse, inadhoofisha kitambaa na mshono. Madoa meusi yatabaki. Usipigane nayo, kinachotakiwa kuondoka ni harufu.

Sakafu ya hema inanata mikononi na inanuka kama matapishi

Hii si kuvu, na huwezi kuiosha ikaisha. Mahema mengi yamepakwa upande wa ndani utando wa poliyurithini wa kuzuia maji. Utando huo unavunjwa taratibu na unyevu ukisaidiwa na joto, na pipa la bluu lililoachwa juani nyuma ya nyumba Tanga lina vyote viwili. Dalili zinakuja kwa mpangilio: kwanza mng’aro unapotea, kisha kitambaa kinajishikilia kikikunjuliwa, halafu harufu, mwishoni utando unabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ukiwahi kwenye hatua ya kunata kidogo, likaushe, lipake poda ya watoto, lihamishie mfuko unaopumua, na litumie msimu uliobaki ukijua mvua kubwa italishinda. Likishafika kwenye harufu, sugua utando wote utoke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na ufanye kitambaa kuwa kivuli cha jikoni. Mahema ya nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili hayapatwi na ugonjwa huu, ndiyo maana jirani anaweza kutumia pipa kama lako na hema lake likabaki salama.

Kwa uhifadhi wa zaidi ya mwezi mmoja, hema halifai kukaa kwenye pipa lililobanwa. Liweke ovyoovyo, bila kulikunja kwa mistari ileile, ndani ya gunia la pamba au kitenge kilichoshonwa. Begi la kulalia nalo ni hivyohivyo, na sababu yake ni nyingine: manyoya au nyuzi zikikandamizwa miezi mingi hazirudi kuumuka, na joto lake linakwenda nazo. Kile kimfuko kidogo kilichokuja nalo ni cha safari. Nyumbani lipe nafasi ya lita 60 au zaidi, likae legelege.

Maji yameingia kweli

Kwanza hakikisha. Weka gazeti kavu ndani ya ndoo, funga, ipindue kichwa chini kwenye beseni la maji kwa nusu saa ukiikandamiza kwa jiwe. Gazeti likilowa, tafuta mahali penyewe. Njia nzuri ni hii: weka ndani ya ndoo sufuria ndogo yenye lita moja ya maji ya moto, funga mfuniko haraka, kisha pakaza povu zito la sabuni kuzunguka ukingo wote. Hewa ya ndani inapata joto, inapanuka, na penye uwazi povu linapuliza mapovu. Kwenye pipa kubwa, pima kwa kipande cha karatasi: kilaze kwenye ukingo, bana mkanda, kivute. Rudia sehemu nane kuzunguka. Kinapochomoka bila ubishi, hapo mpira haukamati.

Sababu ya kwanza ni mpira wa mfuniko wenyewe, uliokauka, uliobonyea upande mmoja, au uliojaa rangi iliyoganda. Utoe kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, osha mfereji wake, na ukague kama una nyufa kwa kuukunja. Mpira mzima lakini mkavu upake tone la grisi ya silikoni. Vaselini hapana: mipira mingi ya mifuniko huvimba ikikutana na mafuta ya petroli, na mpira uliovimba unatoka mferejini siku ya kufunga. Mpira uliokufa unaweza kuuchonga upya kutoka tyubu ya baiskeli, au ununue mpira wa kuziba milango kwa mita. Kata ncha zake kwa mshazari ili zilaliane, na uweke kiungo mbali na komeo la mkanda, maana penye komeo ndipo mbano unapobadilika.

Sababu ya pili ni mkanda. Pipa likianguka kwenye gari mkanda unapinda na mbano unakuwa wa upande mmoja. Ulaze kwenye sakafu ya saruji uone unaponyanyuka, uunyooshe kwa nyundo ya mpira. Wakati wa kufunga, gonga mkanda taratibu kuzunguka pande zote huku ukiusukuma mkono wa komeo; utashangaa unavyopata sentimita moja zaidi ya mbano.

Sababu ya tatu iko kwenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Mapipa ya viwandani yana mhuri wa Umoja wa Mataifa, herufi UN ndani ya duara, ukifuatiwa na namba. 1H2 ni pipa la plastiki lenye mfuniko unaotoka wote. 1H1 ni lile la matundu mawili madogo juu. Ukinunua 1H1 na kulikata kichwa kwa msumeno umepata ndoo kubwa ya kufugia samaki. Halitaziba maji tena hata ufanyeje. Halafu angalia herufi S. Mhuri wenye S maana yake pipa lilipimwa kwa vitu vikavu, kama unga au chembechembe. Linaweza kuzuia mvua, lakini hakuna aliyekuahidi kwamba litaelea mtoni bila kulowa ndani. Kwa mtumbwi au rafu, tafuta lisilo na S.

Mfuniko umegoma kufunguka baada ya kushuka mlimani, au ndoo imejikunja kiuno

Kosa hili huwapata watu waangalifu zaidi, waliofunga vizuri. Kambi ya Barafu kwenye Kilimanjaro iko mita 4,673, ambako mgandamizo wa hewa ni kama hektopaskali 570. Geti la Mweka liko karibu mita 1,640, na mgandamizo pale ni kama 830. Ukifunga ndoo Barafu alfajiri na kuifungua Mweka, ndani bado kuna hewa nyembamba ya juu na nje kuna hewa nzito ya chini. Kwa mfuniko wenye upana wa sentimita 28, tofauti hiyo inaulalia kwa nguvu ya kati ya kilo 130 na 160, hata ukihesabu kwamba hewa ya ndani imepata joto njiani. Ni kama watu wawili wamekaa juu ya mfuniko na wewe unauvuta kwa vidole.

Watu hapo huchukua bisibisi, na bisibisi inachana ukingo. Ndoo inafunguka, ila haizibi tena maisha yake yote. Badala yake chukua mpini wa kijiko, uupake sabuni, uupenyeze kati ya mpira na ukingo mahali pamoja, ukiukandamiza ukuta wa ndoo kuelekea ndani kwa kiganja. Ukisikia mluzi, acha umalizike. Mfuniko utatoka wenyewe. Ukigoma bado, mwagia kuta za ndoo maji ya moto ya kuogea kwanza, hewa ya ndani ipande kidogo.

Tiba ya kudumu: toboa mfuniko katikati kwa drili ya milimita 7, pitisha boliti ya milimita 6 kutoka ndani, kichwa chake kikiwa na wosha ya chuma, na kwa nje weka wosha ya mpira, zile za skrubu za mabati, kisha nati ya kipepeo. Kabla ya kufungua, legeza nati, boliti icheze, hewa iingie. Kaza tena na endelea. Hakikisha kwa jaribio la povu. Asiyetaka kutoboa afungue vyombo vyote kila kambi, dakika moja, wakati wa kupika chai.

Kupanda kunaleta kinyume chake: ndoo iliyofungwa Moshi inavimba mfuniko, na ile ya bei rahisi inafyatuka. Unga wa uji uliosambaa kwenye mahema ya wageni mara nyingi chanzo chake ni hiki, wala si mpagazi kuangusha mzigo. Na tukiwa hapo, ndoo ya lita 20 na mfuniko wake ina uzito wa karibu kilo moja ikiwa tupu. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20 na mizani iko getini, kwa hiyo tranka la bati libaki stoo ya mjini.

Vifaa vinanuka kilichokuwemo

Plastiki ya mapipa na ndoo hunyonya. Kwa mafuta ya kula tiba ni magadi: gramu 100 kwenye lita 5 za maji ya moto yasiyochemka, tikisa, acha usiku kucha, suuza mara tatu. Magadi yanageuza mafuta kuwa sabuni, utaona povu. Usiingize sufuria za aluminiamu kwenye maji hayo hata kidogo. Yanazila na kuzifanya nyeusi. Rangi ya maji iliyokauka ndani ya ndoo inabanduka kwa maji ya moto na sabuni baada ya siku moja. Ndoo ya rangi ya mafuta haifai: tina, ile ya kuyeyushia rangi, imeshaingia kwenye ukuta wa plastiki na itaendelea kutoka kila kukiwa na joto, ikipitia kwenye chakula na kwenye begi la kulalia. Ndoo hiyo ni ya vigingi na koleo.

Kisha kuna mapipa ambayo hayasafishiki kwa chochote. Ukiuziwa pipa lililotoka shamba la maua, iwe Usa River au Naivasha, tafuta lebo au kovu la lebo. Alama ya almasi yenye mpaka mwekundu, fuvu, samaki mfu, au mkono unaounguzwa, mrudishie muuzaji. Kusuuza mara tatu kunakosemwa kwenye lebo za viuatilifu ni kwa ajili ya kulitupa pipa salama. Halikusudiwi kuwekea unga. Pipa lisilo na lebo kabisa na muuzaji anayesema “lilikuwa la juisi tu” ni jambo la kunusa: lifunge kwa saa tatu juani, lifungue, sogeza pua taratibu. Likinuka chochote ambacho si chakula, jibu umelipata.

Begi la fundi limetoboa godoro, limekata kamba, limekwama zipu

Mabegi ya zana ni mazuri kuliko yanavyoonekana. Kitako kigumu, mikanda mipana, mifuko midogo inayofaa vigingi, taa za kichwa na viraka. Kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, au Gikomba, Nairobi, utayapata yamechanganywa na mabegi ya michezo. Lakini begi hilo lina historia, na historia yake imebaki kwenye mishono.

Godoro la upepo linalopoteza hewa usiku baada ya usiku, na matundu yake ni madogo kiasi cha kuonekana majini tu, mara nyingi limechomwa na chenga za chuma. Geuza begi nje ndani, lipige, kisha pitisha sumaku ya spika bovu iliyofungwa kwenye soksi kwenye kila pembe na mshono. Utakachokiona kwenye soksi kitakutisha. Rudia mpaka soksi itoke safi mara mbili mfululizo. Chenga za shaba na aluminiamu hazishikwi na sumaku, kwa hiyo malizia kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi. Ndipo ushone bitana: kipande cha turubai la lori kilichokatwa kufuata kitako na kupanda sentimita 10 kila upande.

Kamba ya kupandia na mikanda ya usalama ina sheria yake, na hapa hatuna maelewano. Asidi ya betri inakata nailoni bila kuacha alama inayoonekana. Begi, ndoo au sanduku lililowahi kubeba betri ya gari au ya sola halipokei kamba, hata lioshwe mara ngapi. Unaweza kulowesha kitako cha begi na kunyunyiza magadi ya unga: yakichemka mapovu, asidi bado ipo. Yasipochemka, bado usiweke kamba. Kamba iliyokwisha kulala humo ikate vipande vifupi vya kuanikia nguo, vifupi kiasi kwamba hakuna atakayeshawishika kuning’inia navyo.

Zipu inayokwama na zipu inayoachia ni matatizo mawili tofauti. Inayokwama ina mchanga au chumvi: brashi ya meno, maji yasiyo na chumvi, ikauke, kisha paka mshumaa au sabuni ya mche kavu kwenye meno. Mafuta ya kula yanateleza kwa wiki moja halafu yanakusanya vumbi kuwa msasa. Inayoachia nyuma ya kitelezi, meno yanafungana kisha yanafunuka, ina kitelezi kilichopanuka. Bana pembe zake za nyuma kwa praizi, kidogo upande wa kushoto, kidogo kulia, jaribu, bana tena. Ukizidisha kitapasuka. Kikipasuka, soma namba mgongoni mwake, 5, 8 au 10, na umpelekee fundi mabegi akupe cha namba hiyo. Namba ikikosewa, hata kikiingia hakitafunga.

Mkanda uliochomoka usiurudishe palepale kwenye kitambaa kilichochanika. Weka kiraka cha turubai kwa ndani, kikubwa mara tatu ya mkanda, na fundi viatu ashone mraba wenye msalaba ndani yake kwa uzi wa poliesta au nailoni. Uzi wa pamba unaoza na jasho. Nguzo za hema zisikae ndani ya begi hili kabisa. Ncha zake zitatafuta njia ya kutokea. Kipande cha bomba la PVC la milimita 75 lililobaki kwenye ujenzi, chenye vifuniko viwili, kimoja kikigundishwa na kingine kikiachwa kifungwe kwa mkono, ndiyo nyumba yake.

Tranka la bati linatoka jasho

Usiku bati linapoa upesi kuliko hewa iliyomo, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko, asubuhi matone yanadondokea buti. Tandika upande wa chini wa kifuniko kwa sponji ya godoro la kambi lililokufa, ile isiyonyonya maji, ukiigundisha kwa gundi ya viatu. Inua tranka kwa matofali, sentimita 10 kutoka sakafuni na kama hizo kutoka ukutani. Toboa matundu manne ya milimita 6 karibu na juu, mawili kila upande wa ncha, na uyafunike kwa wavu wa mbu wa madirishani. Matranka ya Kamukunji, Nairobi, na Gerezani, Dar es Salaam, yanatengenezwa kwa bati jembamba, na kutu huanzia kwenye mikunjo ya chini na penye ripiti. Piga msasa mpaka bati ling’ae, paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya kawaida. Pwani fanya hivyo kabla kutu haijaonekana.

Masanduku ya chuma ya risasi yaliyopitwa na wakati jeshini, yanayouzwa hadharani Marekani kwa kazi hii, yana mpira mzuri sana wa mfuniko. Ndugu aliye huko ayatumie huko. Kwenye kizuizi cha barabarani Afrika Mashariki, sanduku la kijani lenye maandishi ya kijeshi litakula saa zako tatu kabla hujaeleza kwamba ndani kuna vijiko.

Panya, nyani na jirani zao

Panya hatoboi ukuta laini wa ndoo. Anahitaji ukingo wa kuanzia, na ukingo anaupata kwenye mfuniko uliochanwa na bisibisi. Tena tumerudi kwa bisibisi. Nyani na tumbili hawatafuni, wanafungua: mfuniko wa ndoo na klipu za boksi la plastiki wanavijua. Chakula cha kambi za wazi kikae kwenye tranka lenye kufuli au ndani ya gari. Usifungie chakula ndani ya mifuko ya rambo ukidhani unazuia harufu. Haizuii, na mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017 na Tanzania tangu Juni 1, 2019.

Harufu ya gesi ukifungua chombo

Usiwashe hata swichi ya taa. Toa chombo nje, kiache wazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, kwa hiyo ndoo isiyopitisha hewa ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuwekea mtungi. Mitungi midogo ikae kwenye ndoo iliyotobolewa matundu sita ya milimita 10 kwenye ukuta, karibu na kitako, mahali penye kivuli pasipofika nyuzi 50. Jiko la mafuta ya taa au petroli likae peke yake, tangi likiwa tupu. Taa za kichwa zitoe betri. Betri ya kawaida iliyosahauliwa masika mzima inamwaga maji yake yanayokula shaba, na kwenye tranka la chuma betri iliyogusana na bati inaweza kupata moto.

Plastiki imepasuka

Tafuta pembetatu yenye namba kitakoni. Namba 2 ni ile ya mapipa na ndoo imara. Namba 5 ni ya maboksi mengi ya nyumbani yenye mfuniko wa klipu. Ikikaribia nyuzi 0 inapoteza unyumbufu, na klipu iliyofunguka vizuri Arusha inakatika kambini usiku wa baridi. Chombo cha namba 2 kinachoacha unga mweupe kwenye kidole kimeliwa na jua. Kukiziba ni kupoteza muda, ufa mwingine utafungukia pembeni.

Kisichoacha unga kinatengenezeka. Gundi haishiki plastiki hii, hata ile inayojitangaza kushika kila kitu. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, chonga ufa uwe mfereji, kata utepe kutoka ndoo nyingine yenye namba 2, na uyeyushe vyote viwili pamoja kwa ncha ya pasi ya kuchomelea waya, ukikoroga mpaka usione mpaka kati ya kiraka na ukuta. Fanya upande wa ndani kwanza, nje baadaye, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya moshi. Acha ipoe yenyewe bila kumwagia maji, kisha rudi kwenye jaribio la povu.